Yakobo Aliwaita Malishoni

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Soma kwanza: Mwanzo 31:1-16

Kama unayo Biblia karibu, ifungue katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 31. Kama uko ndani ya matatu na mikono imeshika mizigo, usihangaike, nitakusimulia.

Leo nataka kuzungumza na mtu ambaye ana kazi, lakini hana hakika kama anayo. Sisemi juu ya yule anayezunguka mjini na bahasha ya vyeti akitafuta. Huyo tumemwombea mara nyingi katika kipindi hiki, na tutamwombea tena. Nasema juu ya yule ambaye ukimwuliza, "Ndugu, wafanya nini siku hizi?" anajibu upesi, "Nafundisha chuo kikuu." Ukimwuliza zaidi kama ameandikwa, anakohoa kidogo na kugeuza maneno. Huyo ni mwalimu wa muda. Namjua vizuri sana, kwa maana huyo ni mimi mwenyewe. Tangu mwaka 2011 nimefundisha historia katika vyuo viwili, vilivyo katika miji miwili, na hata leo sijapata kuwa na hati ya mshahara.

Wengi katika makanisa yetu hawaijui kazi hii, basi niieleze. Simu hulia juma la kwanza la muhula, wakati mwingine juma la tatu: "Mwalimu, tuna darasa halina mtu, waweza kuja?" Somo moja ni saa 45 darasani, nawe unalipwa kwa saa hizo tu. Usiku unaotayarisha masomo haumo. Vijitabu 140 vya mtihani ulivyosahihisha juu ya meza ya chakula, watoto wakiambiwa wanyamaze, havimo. Nauli haimo. Ukiisha kupeleka alama ndipo unajaza fomu ya kudai malipo, nayo fomu hutiwa sahihi na mkuu wa idara, kisha mkuu wa kitivo, kisha hupanda kwa msajili, kisha hushuka ofisi ya fedha. Kati ya kupanda na kushuka, fomu ina desturi ya kupotea. Unaambiwa, "Njoo juma lijalo." Unakwenda juma lijalo. Na wanafunzi wakienda likizo ndefu, wewe huendi likizo. Wewe unakoma tu, kama redio iliyoishiwa na betri, mpaka simu ilie tena. Au isilie.

Sasa tumtazame Yakobo. Twapenda kumkumbuka kwa ngazi aliyoiona katika ndoto, na kwa usiku ule alioshindana mpaka alfajiri akatoka akichechemea. Lakini kati ya ngazi na kuchechemea kuna miaka 20 ambayo sisi wahubiri tunairuka. Ni miaka ya kuajiriwa. Alimtumikia Labani, mjomba wake, miaka 14 kwa ajili ya binti zake wawili, na miaka 6 kwa ajili ya kundi. Na tajiri huyu alikuwa mtu wa kugeuza mapatano. Akisema ujira ni wanyama wenye madoadoa, na kundi likazaa madoadoa, basi mapatano yanageuka, ujira unakuwa wenye milia. Yakobo alihesabu, akasema imekuwa mara kumi. Mtu akifikia kuhesabu mara ambazo ujira wake umegeuzwa, ujue kwamba mtu huyo halali vizuri. Na kweli, mbele katika mlango huo huo, Yakobo anataja jua la mchana, baridi ya usiku na kukosa usingizi.

(Zile fito alizobambua maganda na kuziweka mbele ya wanyama, katika mlango wa 30, sikushauri uzijaribu. Mimi mwenyewe sijazielewa, na ofisi ya fedha haina birika la kunyweshea.)

Jambo ninalotaka ulione liko katika mstari wa 4. Kabla hajasema neno lolote na Labani, kabla hajafunga hata mzigo mmoja, Yakobo alituma watu wakawaite Raheli na Lea waje malishoni, kwenye kundi lake. Huko akawaeleza mambo yote: jinsi uso wa baba yao ulivyobadilika, jinsi alivyofanya kazi kwa nguvu zake zote, jinsi ujira ulivyochezewa. Hakuficha kitu. Wake zake walisimama pale pale penye kazi, wakaiona, wakasikia hesabu yake.

Mimi sikufanya hivyo.

Mwaka 2018, mmoja wa wakuu wangu aliniambia kwamba muhula ule hapakuwa na darasa langu, labda ule ujao. Malipo ya mihula miwili iliyotangulia yalikuwa hayajaja. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba pesa zimechelewa kidogo. Kesho yake asubuhi nikavaa tai, nikachukua mkoba, nikatoka. Nilikwenda kwenye maktaba ya mji, nikakaa karibu na dirisha, nikasoma magazeti mpaka saa kumi na moja, nikarudi nyumbani nikisema nimechoka. Nilifanya hivyo kuanzia Mei hadi Agosti. Sijui kama unafahamu uchovu wa mtu aliyeshinda bila kufanya kazi huku akijifanya anaifanya. Unazidi ule wa kulima. Na katika siku hizo nilikopa kwa simu ili nilipe nilichokopa kwa simu, na Jumapili nilisimama kanisani nikasoma somo la kwanza kwa sauti kubwa.

Siku moja mtoto alitumwa dukani kuleta unga. Alirudi mikono mitupu, akasema mwenye duka amesema kitabu kimejaa. Mama yake hakuniuliza kitu mbele ya watoto. Walipolala, akaketi upande wa pili wa meza akaniuliza, "Baba watoto, tangu lini mimi nimekuwa mgeni katika nyumba hii?"

Nikamwambia yote, hata ya maktaba. Nilingojea machozi, au maneno makali, ambayo ningestahili. Yeye akauliza tu, kama karani, "Ulifukuzwa kwa kosa?" Nikasema la. "Ulizinywa?" La. "Wao wanakudai, au wewe unawadai?" Nikasema, "Mimi ndiye ninayewadai." Akanitazama kitambo. Akasema, "Basi aibu ni ya nini?"

Ndugu msikilizaji, nimesikia mahubiri mengi tangu niokoke, na mengine nimeyahubiri mimi. Hakuna lililonifungua kama swali hilo lililoulizwa usiku karibu na jiko la makaa. Kwa miezi mingi nilikuwa nimeibeba aibu ya mtu mwingine. Mtu ambaye hakulipwa anajificha, na yule asiyelipa anatembea barabarani kifua mbele. Hivyo ndivyo ninavyosema kwamba kazi isiyo na hakika ina ubaya zaidi ya njaa. Inakufundisha kunyamaza. Inakufanya uone kwamba, kama ungekuwa mwalimu bora, au msomi zaidi, au mwombaji zaidi, simu ingelia.

Lakini tazama mambo yalivyokuwa hasa. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia karo, na vyuo vingine vikafuata. Madarasa ya jioni na ya mwisho wa juma yakafunguliwa kila mahali. Mwaka 2013 pekee vyuo zaidi ya 10 vilipewa hati za kuwa vyuo vikuu kamili. Nani angefundisha madarasa hayo yote? Tuliitwa sisi, kwa maana tulikuwa rahisi kuita na rahisi kuacha. Kisha mtihani wa kidato cha nne ukakazwa. Mwaka 2015 waliopata C+ na zaidi walikuwa kama 169,000. Mwaka 2016 wakawa kama 89,000. Hao waliobaki wangeweza kupata nafasi za serikali, na madarasa ya kujilipia yakawa matupu. Vyuo vikaingia madeni. Machi 2020 ikaja korona, milango ikafungwa, na mwalimu wa saa hana saa kama hakuna darasa. Katika mambo hayo yote ni lipi lililotokana na upungufu wa maombi yangu? Naweza kuungama dhambi zangu, ninazo za kutosha. Hesabu za matokeo ya mtihani wa taifa hazimo.

Turudi malishoni. Raheli na Lea walimjibu Yakobo neno la ajabu. Walisema kwamba baba yao amekwisha kuwahesabu kuwa wageni, basi na afanye yote ambayo Mungu amemwambia. Nilipousoma mstari ule baada ya usiku wetu, nilifunga kitabu. Raheli na Lea walifanywa wageni na Labani. Mke wangu alifanywa mgeni na mimi.

Usiku ule tulichukua daftari la mtoto, tukapiga mstari katikati. Upande mmoja tukaandika ninachodai, chuo kwa chuo, muhula kwa muhula. Upande wa pili tukaandika tunachodaiwa. Sitakudanganya kwamba kesho yake pesa zilikuja. Hazikuja mpaka Februari ya mwaka uliofuata, nazo zilikuwa za muhula mmoja tu. Katikati ya hapo binti yetu mkubwa alitolewa shule ya bweni akaingia shule ya kutwa, naye alilia, na hakunisemesha kwa muda mrefu. Mama yake alianza kuku 20, wakafa 9. Mimi nilianza kuwafundisha jioni watoto wa majirani, na mwanzoni nilimwomba kila mzazi asimwambie mtu. Unaona, ile aibu haitoki yote kwa siku moja. Lakini maktaba sikurudi tena na tai, nikirudi nilirudi kusoma.

Kuna jambo lingine ambalo bado linanisumbua. Mwaka 2019, walimu wa muda katika chuo kimojawapo tulikubaliana kuzuia alama za wanafunzi. Tulikuwa tunadai mihula mitatu. Fikira yetu ilikuwa kwamba bila alama hakuna mahafali, na bila mahafali watatusikia. Nilitia sahihi pamoja na wenzangu. Juma hilo hilo msichana mmoja wa mwaka wa nne akaja nyumbani kwangu. Alikuwa ameahidiwa nafasi ya kufundisha katika shule fulani, nao walitaka kuona hati ya alama zake kabla ya Ijumaa. Mama yake aliuza ng'ombe kwa ajili ya karo ya mwaka wa mwisho. Hakulia wala hakunisihi. Alisimama tu mlangoni, akakataa kiti, kama mtu anayeogopa kuchafua nyumba.

Nilikaa na vijitabu vile siku mbili. Mwishoni nikasema moyoni, mtoto huyu si Labani. Yeye amekwisha kulipa. Nikapeleka alama za darasa lote, kisha nikawaendea wenzangu nikawaambia mwenyewe kabla hawajasikia kwa mtu mwingine. Wawili hawajanisalimu mpaka leo. Mmoja aliniambia, "Wewe mkeo ana kuku. Mimi nina nini?" Nadhani alikuwa na haki kusema hivyo. Malipo yetu sote yalikawia zaidi, na huenda mimi ni sehemu ya sababu. Kwa hiyo sikuambii ufanye kama mimi. Wale ndugu walikuwa na fimbo moja tu mkononi, na baadhi yao wanampenda Bwana kuliko mimi. Nakuomba tu, kama umeamua kuzuia, mtazame mtoto usoni kwanza, ujue unalobeba.

Wako Wakristo watakaokuambia kwamba kudai si imani. Watakutajia mtume Paulo, aliyeshona mahema huko Korintho pamoja na Akila na Prisila. Ni kweli alishona. Lakini soma 1 Wakorintho mlango wa 9. Paulo anatetea kwanza haki ya mtenda kazi kula kutokana na kazi yake, kwa hoja nyingi kama wakili, ndipo anasema kwamba yeye kwa hiari yake hakuitumia. Kuacha haki yako kwa hiari ni jambo moja. Kunyang'anywa, kisha ukaambiwa uite jambo hilo hiari, ni jambo lingine kabisa.

Torati, katika Kumbukumbu 24, inaagiza mtu wa mshahara alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Waraka wa Yakobo, mlango wa 5, unasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hiyo imefika masikioni mwa Bwana. Waraka huo unahimiza uvumilivu mara tu baada ya hapo, nami siupunguzi. Ila angalia mpangilio wake. Kwanza anasemeshwa tajiri, tena kwa ukali. Sisi mara nyingi tumeanza na ya pili na kuisahau ya kwanza.

Naye Yakobo wa Mwanzo alifika siku ya kusema na Labani uso kwa uso. Alitaja miaka 20, alitaja mnyama aliyeraruliwa ambaye hasara yake aliibeba yeye. Alikuwa na hesabu. Wewe je, unayo? Barua ya kukuita kazini, hata kama ilikuja juma la tano, iweke. Kila fomu unayopeleka, toa nakala, ipigwe mhuri wa siku uliyoipeleka. Kama wamekuita kwa simu tu, waandikie wewe, uwaombe wathibitishe. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Na chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, anayekwenda mahakamani kudai asingoje zaidi ya miaka mitatu. Nimeona mwenzangu mmoja mpole akingoja kwa adabu mpaka miaka ikapita. Nenda upate shauri la mtu anayejua sheria, na usiende peke yako, nenda na wenzako. Si dhambi kuwa na faili.

Sasa niseme na wazee wa kanisa, kwa heshima. Siku ya harambee ya paa la kanisa letu, ndugu mmoja aliyeshika kipaza sauti alinitazama akasema, "Na sasa tumsikie mwalimu wetu wa chuo kikuu." Watu wakapiga makofi kabla sijasimama. Nikaahidi shilingi 20,000. Wakati ule mfukoni nilikuwa na nauli ya kurudi nyumbani. Ahadi ile nilikuja kuimaliza baada ya miaka miwili, kwa vipande vipande, na katika muda huo kila nilipomwona mweka hazina nilipita mlango wa nyuma. Ningeweza kusema ukweli siku ile, kosa ni langu. Lakini, wapendwa, mtu akiwa na shahada mbili si lazima awe na pesa mbili. Mwulizeni kando, siyo kwenye kipaza sauti. Na mnapoandika majina ya kutembelewa, mjane na mgonjwa na asiye na kazi, mwandikeni pia huyu mwenye kazi isiyojulikana.

Tena tuangalie lango letu wenyewe. Kanisa lina mlinzi, lina mwanamke anayefagia, lina walimu wa shule ya watoto wadogo, na viko vyuo ambavyo jina la kanisa limeandikwa kwenye ukuta wa mbele. Je, mlinzi wetu alilipwa tarehe ngapi mwezi uliopita? Kama hujui, ulizia leo. Itakuwa vigumu kwangu kusoma habari za Labani Jumapili ijayo ikiwa mlinzi aliyenifungulia lango anangojea za miezi miwili.

Na wewe uliyetoka asubuhi hii ukiwa umevaa tai, unayekwenda mahali ambapo hakuna anayekungojea, nami nakufahamu: shuka kituo kinachofuata. Rudi nyumbani. Kama mkeo yuko sokoni, mwendee huko huko sokoni. Kama wewe ni mama na mumeo hajui, mpigie simu. Kama huna mke wala mume, yuko dada, yuko rafiki, yuko mzee wa kanisa mwenye masikio. Mwambie kiasi kamili, usipunguze.

Tuombe.

Bwana Mungu wa Yakobo, wewe ulikuwapo kule malishoni. Unajua leo ni tarehe ngapi, na kodi ya nyumba ni tarehe ngapi. Wako watu wanaosahihisha mitihani asubuhi hii bila kujua watalipwa lini. Watie nguvu macho yao. Ziko fomu zimelala juu ya meza fulani chini ya kikombe cha chai. Umguse mtu mmoja azichukue. Wakumbuke wale wawili wasionisalimu, uwalipe kabla yangu. Na binti yule aliyesimama mlangoni, popote anapofundisha leo, wampe mshahara wake mwisho wa mwezi. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.